Mbegu za Mama na Safari Yenu ya Pwani

Nyahanga, nyuma ya soko,
Kahama.
Jumapili, 30 Novemba 2025.

Mpendwa pacha wangu Kulwa,

Pokea salamu kutoka huku kwenye vumbi, ingawa wiki hii vumbi limelala kidogo kwa sababu mvua imeanza. Hujambo? Shemeji Herman hajambo? Serafina anaendeleaje, na lile jino lililokuwa likimnyima usingizi mmeling'oa au bado mnaliombea? Mguu wa mama vipi? Mpe shikamoo yangu kabla hujasoma mstari unaofuata. Mpe polepole, asije akasema Doto ameanza na maneno kabla ya salamu.

Sisi huku mhola duhu, wazima kabisa. Wema amemaliza mtihani wa kidato cha pili na sasa amekua mpaka nguo zangu zinamtosha, jambo ambalo limemfurahisha yeye peke yake. Mimi mgongo unauma palepale unapopajua. Kibanda changu cha chakula pale kwenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, bado kimesimama. Wachimbaji bado wanalalamika kwamba ugali wangu ni mgumu kama mawe wanayosaga, halafu wanaomba waongezwe.

Barua hii imekufikia ndani ya mfuko wa michembe, na najua umeshaupima mfuko kwa mkono ukaona ni mwepesi. Usiutikise. Hakuna kibuyu humo ndani. Mama aliagiza michembe na mbegu. Michembe hiyo hapo, viazi vya Samuye vilivyokatwa na kukaushwa na mikono yangu mwenyewe. Habari za mbegu nitakueleza, ila nitaanzia mbali kidogo, maana na wewe ulinizunguka sana ulipoziagiza.

Nianze na picha.

Tarehe kumi na mbili Agosti nilimpandisha mama basi hapa Kahama, ndugu yetu Januari akimsindikiza, waje huko Lindi kwenye kipaimara cha Serafina. Wiki mbili, ulisema. Nikamfungia nguo za wiki mbili. Shemeji akawapokea Dar es Salaam na ile Noah yake, mkashika barabara ya kusini, na tangu saa hiyo simu ya Wema haikupumzika. Ukoo mzima ulisafiri nanyi kwenye lile kundi la simu. Mimi nilisafiri nimesimama, mwiko mkononi.

Picha ya kwanza ilikuwa ya Mkuranga. Mama ameketi kwenye benchi la muuza madafu, dafu amelishika kwa mikono miwili kama amepewa na askofu. Nasikia alimaliza mawili na akakwangua na nyama. Kulwa, huyu ndiye mama ambaye nikimpa soda anasema gesi itampanda kifuani. Miaka kumi na moja nimemchemshia maji ya kunywa, hapa kwangu na kule kwake Samuye, na kila kikombe anakinusa kwanza. Dafu lililokatwa na panga la mtu asiyemjua hakulinusa. Nilikuza ile picha nikaangalia pua yake. Hakulinusa.

Ya pili ilikuwa ya Rufiji. Shemeji alipomaliza kuvuka daraja akasimama, eti mama auone mto vizuri. Mkaandika chini ya picha kwamba mama ameuliza maji yote yale yanakwenda wapi, akaambiwa baharini, naye akasema, "Na hakuna anayeyazuia?" Mkaweka vile vikatuni vya kucheka, nilivihesabu, kumi na viwili. Mimi sikucheka. Mtu aliyechota maji ya lambo la Samuye kiangazi kizima hawezi kulicheka swali hilo.

Ya tatu, Somanga, kwenye meza ya samaki wa kukaanga, sitaisahau. Unajua mama hali samaki mwenye macho. Sato namkata kichwa nje ya uzio asimwone. Sasa Wema ananiletea simu, mama ameshika mkono wa pweza, anautafuna huku anaitazama kamera bila aibu.

"Mama, bibi anakula nyoka?"

"Nyamaza, ni samaki huyo."

"Samaki gani ana vifungo kama koti?"

Nikamwambia arudi kuosha vyombo.

Kisha Kilwa. Hapo ndipo mliponimaliza. Mama yuko kwenye boti ya injini, amevalishwa boya la rangi ya machungwa, mnavuka kwenda kuyaona yale magofu. Kulwa, mama huyu si ndiye aliyekataa kivuko cha Busisi mwaka wa harusi ya Januari? Hukumbuki? Alikaa upande huu wa maji siku nzima na kikapu chake, harusi ya mwanawe akaja kuhadithiwa. Nilimbembeleza mpaka nikalia. Akasema yeye ni mtu wa nchi kavu, na mtu wa nchi kavu hapandi kitu kinachoyumba. Shemeji kambembeleza vipi? Nieleze. Sina nia mbaya, nataka kujifunza tu.

Na ya mwisho, ufukweni Lindi. Mama ameingia mpaka magotini, kanga ameipandisha, anacheka. Pengo lake la pembeni, lile analolifunika siku zote kwa upindo wa kanga, liko nje linapigwa upepo. Picha hiyo niliiangalia kwa muda mrefu kuliko zote, halafu nikamrudishia Wema simu nikamwambia chaji inaisha. Chaji ilikuwa imejaa.

Unakumbuka tulivyolelewa. Mama akinunua kitenge anakikata katikati mbele yetu sote, na tunaangalia mkasi kama mahakimu. Akipewa yai moja, linachemshwa na kugawanywa kwa uzi, kwa sababu pacha akipata na mwenzake akakosa, mmoja anaugua. Ndivyo walivyoamini. Sasa tumezeeka na kilichobaki cha kugawana ni mama mwenyewe, naye hakatiki. Wewe umepata wa kwenye picha. Mimi nilikuwa na huyu wa kunusa vikombe.

Usidhani kwamba pwani yenu haikunifikia hata kidogo. Januari aliporudi alikuja na soksi yenye fundo. Akafunga mlango kwanza.

"Dada, hili usimwambie mtu."

"Lipi?"

"Kule Lindi kuna mchanga mweusi ufukweni. Mistari mistari. Unang'aa. Watu wanaukanyaga na ndala!"

Nadhani sehemu ya kwanza unaijua, maana aliazima karai lako la kufulia. Miaka minane ya kuosha mchanga kule Nyarugusu imemharibu ndugu yetu. Akiona mchanga mweusi umetulia chini ya karai moyo unamwenda mbio, kwa kuwa machimboni dhahabu hupenda kulala nao. Basi akachuchumaa ufukweni anazungusha karai mbele ya watu. Mtu mmoja wa huko akamwuliza, "Mjomba, unauosha ili uende wapi?" Januari akamjibu, "Nyie endeleeni na samaki wenu." Hayo kayasema mwenyewe, kwa majivuno kabisa.

Alipofika huku aliupitisha kwenye mwalo, lile bao la kuoshea lenye gunia, akaosha, akainama, akaosha tena. Mwishowe akachovya kidole akalamba.

"Nini?" nikamwuliza.

"Chumvi," akasema, akaenda zake.

Ule mchanga sikuutupa. Uko dirishani kwenye kikopo cha majarini. Mgeni akiuliza namwambia nimeletewa kutoka pwani. Wengine wameshika kidogo wakaangalia, wakasema ni mzuri.

Nami nilijaribu safari yangu, wala sikufichi. Mwezi wa kumi nilimchukua Wema tukapita Geita, tukala wali pale, tukaenda mpaka kwenye lile daraja jipya la Busisi. Nikasema na sisi tuna maji makubwa, tena hayana chumvi. Nilivaa gauni la kipaimara nilichokikosa. Wema akasema, "Mama, cheka." Nikacheka. Upepo ukaja ukachukua kilemba, na picha ikatoka kilemba kinaondoka, mimi nimekikodolea macho, mdomo wazi. Wema kabla sijamzuia akairusha kwenye kundi. Shemeji akatuma kidole gumba. Mama akatuma sauti: "Huyo Doto mbona amevimba?" Basi.

Sasa mbegu.

Wiki mbili zilipokuwa mwezi, ulisema mguu unapata nafuu kwa kukanyaga maji ya chumvi. Mwezi ulipokuwa miwili ukasema Serafina amemzoea. Nikanyamaza. Kisha mwezi huu, mvua ya kwanza imegonga bati, ukanitumia ile sauti, ukaanza na hali ya hewa, ukaja kwenye bei ya nyanya, na mwisho kabisa ukasema kama mtu anayeomba kiberiti: "Halafu mama anasema umtumie mbegu zake." Na shemeji nyuma yako anapaza sauti, "Shemeji, ardhi ya huku ni laini kama unga!"

Niliirudia sauti ile mara tatu. Wewe umeolewa mbali, labda umesahau, lakini kwetu mwanamke akisafiri anaacha mbegu zake. Akienda kuuguza anaziacha, akienda msibani anaziacha. Siku anapoziita zimfuate, ujue amehama. Mama alipoolewa Samuye alikuja na vibuyu vitatu kutoka kwa bibi, na vibuyu hivyo havijawahi kulala nje ya nyumba ile. Alipoviita Lindi sikusikia anaomba mbegu. Nilisikia mlango unafungwa.

Ijumaa ya tarehe ishirini na moja nilikwenda Samuye na Wema. Nitakwambia ukweli wote, ukitaka kunichukia nichukie ukiwa na habari kamili. Nilifungua chumba cha mama. Nikabandua kile kinyesi cha ng'ombe alichozibia kibuyu, nikang'oa gunzi, nikamimina karanga zile nyekundu kwenye ungo, jivu lake bado limezishika. Halafu nikawasha moto na kuteleka kikaango.

Wazo lilikuwa rahisi. Mbegu iliyopita motoni haioti. Ningezipasha kidogo tu zisibadilike rangi, ningezituma, mama angezipanda kwenye hiyo ardhi yenu ya unga, angengoja wiki, angengoja mbili. Kisha angesema pwani haifai, akarudi. Nilianza na kiganja kimoja, kwa majaribio.

Kulwa, zilinukia. Nikaonja moja nijue moto umefika wapi. Nikaonja nyingine. Nimekaa chini ninatafuna mbegu za mama yangu, mlangoni akasimama Abel, jirani yetu anayemtunzia mama boma.

"Mama Wema, nasikia harufu. Watu wanapanda, nyie mnakaanga?"

"Za dukani hizi."

Akaangalia ungo. "Karanga za mama yako nazijua tangu sijaoa. Duka gani hilo linauza na jivu lake?"

Akachota mbili kwenye kikaango, akatafuna, akaondoka bila kunisema. Afadhali angenisema. Nilizima moto, nikabaki nimekaa kwenye kitanda cha mama. Chumba kile kinanuka yeye, moshi na mafuta ya nazi uliyokuwa unamtumia. Hata harufu yake nusu ni yako.

Nikaanza kujiuliza mimi nimewahi kumpeleka wapi. Hospitali ya mkoa Shinyanga, mara nyingi. Kliniki ya macho. Misiba sita, Mhunze peke yake miwili. Nikajikuna kichwa nitafute mahali pengine, sikupata. Kila tulipotoka Samuye kuja Kahama, tukifika Isaka alikuwa anagonga kioo cha gari.

"Tusimame kidogo niangalie yale makontena na treni."

"Mayu, Isaka pana nini cha kuangalia? Tunachelewa."

Miaka kumi na moja Isaka iko palepale, na miaka kumi na moja tunachelewa. Hatukuwahi kuchelewa popote, Kulwa. Tulikuwa tunarudi nyumbani tu. Ninyi mlisimama vituo vitano kwa siku mbili, na hakuna aliyewaambia mnachelewa. Hapo ndipo wivu wangu ulipoanza kunikaa vibaya mwilini, kama nguo ya mtu mwingine.

Lakini mbegu sikuzifunga nikakutumia. Sijawa mwema kiasi hicho.

Mvua kubwa ilinyesha Jumanne. Nikamwomba Abel alete ng'ombe na jembe lao, akalima shamba la mama, lile la nyuma ya zizi. Kisha mimi na Wema tukapanda. Unajua mama anavyopanda: anapima kwa unyayo, mstari umenyooka mpaka unaweza kuukalia kama benchi. Karanga upande wake, njugu mawe upande wake, kunde pembeni, na ole wako uchanganye. Mimi nikachanganya. Nilichanganya makusudi, vibuyu vyote vitatu kwenye beseni moja, nikakoroga kwa mkono. Nikapanda kwa kupinda, hapa tatu, pale kumi, mstari mmoja umekwenda mpaka kwenye njia ya ng'ombe ukageuka. Wema alikuwa ananifuata nyuma, analia kwa kucheka.

Abel akaegemea jembe lake.

"Unapanda, au unalisha kuku?"

"Abel, wewe swaga ng'ombe wako."

"Mama yako akiliona hili ataanguka."

"Akianguka ainuke aje."

Akanitazama, akaelewa, akasema, "Basi na huu upande wa huku umenyooka mno, uupinde kidogo." Akanisaidia.

Jana, Jumamosi, nikamwagiza Wema apige picha. Alipanda juu ya uzio wa zizi ili shamba lote lionekane, na beseni tukaliacha katikati likiwa na mchanganyiko uliobaki, lionekane vizuri. Picha hiyo umeiona. Uliweka alama tatu za kuuliza. Shemeji akaweka tena kidole chake gumba. Naanza kufikiri huyu bwana haangalii picha. Chini yake niliandika maneno machache tu: "Shikamoo mama. Mbegu haziwezi kusafiri tena, zimeshaingia ardhini."

Hapo ndipo barua yangu ilipokuwa iishie. Nilikuwa nimebakiza salamu za watu na jina. Lakini asubuhi hii nimeketi kwenye kibanda ninaandika, simu ikalia, namba ya shemeji. Wewe na Serafina mlikuwa kanisani, ndiyo maana hili ninakupa mimi. Nilifikiri ni yeye. Alikuwa mama.

"Doto."

"Shikamoo mayu."

"Marahaba. Nani amepanda shamba langu?"

"Ni mimi, mayu."

"Ulikuwa umegeukia wapi?"

"Nilikuwa nimegeukia shamba."

"Njugu mawe zimefanya nini kwenye karanga? Utapalilia kipi utaacha kipi? Na ule mstari unaokwenda njiani, unawasindikiza ng'ombe machungani? Nimekaa nchi hii ya watu natamba kwamba wanangu wanajua jembe, Herman anaonyesha watu picha!"

Alisema mengi, Kulwa. Alisema mpaka wateja wawili wakaacha kula wakasikiliza. Miezi mitatu na nusu kila nikipiga simu ananijibu "nzuri", "nimekula", "haya", kama mtu anayejibu karani. Leo amenitukana kwa moyo wote. Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, nasikiliza kama redio.

Kisha akachoka. Nikamsikia anapumua. Akauliza kwa sauti ya chini, kwa kile Kisukuma chake cha jikoni, "Ng'wanawane, mwanangu, unanivuta?"

Ningeweza kudanganya. Nikasema, "Ndiyo mayu. Nakuvuta."

"Si ungesema njoo?"

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Tangu Agosti unapiga simu," akasema. "Unaniuliza nimekula nini. Mguu vipi. Dawa nimemeza. Njoo sijaisikia. Kulwa ananiambia kaa, kila siku ananiambia kaa. Wewe hujaniambia njoo. Nikasema, basi Doto amepumzika. Mtu akipumzika nawe ukampenda, unamwacha. Ndiyo nikaagiza mbegu."

Kulwa, mimi najua kuandika, najua kuhesabu sahani za watu arobaini kichwani, najua mchimbaji gani atanikimbia kwa kumtazama viatu. Neno lile moja sikulisema. Niliona aibu. Nilikuwa nikijiambia atajua mwenyewe. Na yeye huko anajiambia nimepumzika.

Nikasema, "Njoo, mayu." Sauti ikanitoka mbaya, kama ya kuku. Yule mteja wa karibu akageuza uso kwa heshima, akajifanya anaangalia karasha.

"Nakuja," akasema mama. "Shamba usiliguse. Usipalilie, usirekebishe, usitembee humo. Mwambie na Abel, maana najua alikuwepo, ule mkono wa kushoto ni wake."

Kwa hiyo dada yangu, anza kumfungia. Usije ukalia mbele yake akabadili mawazo. Ukitaka kulia nenda nyuma ya nyumba kama nilivyofanya mimi Agosti. Najua itakuuma. Najua kwa kipimo, kwa sababu uchungu huo nimeutumia kabla yako, na nakuachia ukiwa bado na moto. Sikuandiki haya kwa furaha ya kukushinda. Labda kidogo.

Asafiri mchana, akae dirishani. Dereva anayesimama simama ndiye mzuri. Januari atampokea Dar es Salaam na kupanda naye basi la kuja huku. Nimemkataza kuja na soksi yoyote. Mimi nitawapokea hukohuko Isaka, wala si Kahama. Nimeshamwambia Wema tutakwenda mapema na kukaa hapo na mama mpaka yeye mwenyewe aseme twende.

Na mwezi wa sita akishavuna, kama ataniambia anataka kurudi kwako, nitamleta mimi. Tutashuka Dar es Salaam, shemeji atupokee na Noah, na mimi nipite kote. Nakuomba uniandikie vituo vyote kwa mpangilio, na yule muuza madafu anakaa upande gani wa barabara. Pweza sitakula. Nitamwangalia mama akila.

Nisalimie shemeji Herman, mwambie ardhi yake laini tumeisikia. Serafina mbusu kwenye lile shavu lisilouma. Wema anawasalimu wote, Januari pia, na Abel amesema mama aje na fimbo maana kwa hili hakuna maneno yatakayotosha. Mungu awafunike hapo Lindi, bahari iwape samaki na isiwachukulie mtu.

Pacha wako akupendaye, hata siku anazonuna,

Doto (Mama Wema).